Tulivyochoma Matuta ya Mama

Juzi nimegombana na jirani yangu hapa Makanyagio kwa sababu ya majani makavu. Alikuwa amefagia uwanja wake asubuhi, akayakusanya majani ya mparachichi karibu na ukuta wangu, akayatia kiberiti, kisha akaingia ndani kunywa chai. Moshi ukapita dirishani moja kwa moja mpaka chumbani kwangu. Nilitoka na khanga na kandambili, nikamfokea mpaka watoto wake wakajazana mlangoni kuangalia sinema ya bure. Jirani ni mtu mpole. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi, kisha akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza, "Dada, kwani si majani tu?"

Majani tu. Nilirudi ndani, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, na nilijua wazi kwamba aliyekuwa anafokewa pale nje si yule jirani wa watu. Nyie wa rika langu mliosoma shule za msingi za huku kwetu, tukigombania kitabu kimoja watoto sita, mnaijua harufu ya nyasi zinazoungua kabla ya mvua. Najua kwa wengi wenu ni harufu nzuri, ya kuwinda panya na kuchezea majivu. Mimi ikinifikia napandwa na hasira ile ile niliyokuwa nayo nikiwa darasa la tano, na nimechoka kuambiwa niisamehe. Leo nitaieleza.

Mama alikuwa Mfipa. Baba, Mbende wa vijiji vya upande wa Kasekese, alimtoa huko juu Ufipa akamleta kwao, akamjengea nyumba ya tofali mbichi na kumwonyesha shamba lililopakana na barabara upande mmoja na shule yetu upande wa pili. Nilipokuwa darasa la tatu, Baba aliugua homa siku nne, akafa. Siku ya kumaliza matanga, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka, baba mkubwa alisimama akasema maneno ambayo hakuna aliyehitaji kuyasikia siku ile.

"Mama Pina, shamba utaendelea kulima. Sisi si watu wabaya. Lakini tutaangalia. Mavuno yakikushinda, shamba linarudi kwa wenyewe."

Mama akajibu, "Sawa, shemeji." Alikuwa amekaa amenyoosha miguu, amefunga kichwa kwa kaniki, na hakuinua macho. Nilidhani ameogopa. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuwa ameogopa hata kidogo, kwa sababu kulima alikuwa anajua kuliko wote waliokaa pale.

Watu wa kwetu, upande wa Baba, walilima kwa moto. Unafyeka, unakusanya, unasubiri jua likaushe, unachoma, mvua ikija unapanda kwenye majivu. Sisemi ulikuwa ujinga. Zamani, pori likiwa kubwa na shamba likipumzishwa miaka mingi, njia ile ilifaa. Lakini shamba letu lilikuwa limebanwa na barabara, shule na mashamba ya wengine, halikuwa na pa kupumzikia, na Baba alikuwa amelichoma kila mwaka tangu alipopewa. Lilikuwa limechoka hadi rangi yake. Mama alipobaki nalo peke yake, alifanya kitu ambacho Baba hakuwahi kumruhusu akiwa hai. Alilima ntumba, kama kwao.

Ntumba ni tuta la duara. Mvua zikikaribia kuisha, udongo ukiwa bado laini na nyasi zinamfika mtu mzima kiunoni, Mama alizikata, akazilaza chini kwa mviringo, kisha akawa anachota udongo pamoja na mizizi kwa jembe na kuugeuza juu ya zile nyasi, mizizi ikitazama mawinguni. Alizunguka hivyo, jembe baada ya jembe, mpaka nyasi zote zikawa zimefunikwa na tuta limenifika kifuani. Kisha anahamia lingine. Juu yake alipanda maharage. Maharage yalivunwa kiangazi kikianza, na matuta yakaachwa yalivyo kiangazi kizima, yakiiva ndani. Mvua mpya zikinyesha anayabomoa, anausambaza ule udongo mweusi shamba zima, anarusha ulezi.

Kazi ile ilikuwa nzito na aliifanya karibu peke yake. Nakumbuka mgongo wake, blauzi imeganda kwa jasho, na jinsi alivyokuwa anapumua kwa mdomo. Nakumbuka pia kuingiza mkono ndani ya tuta lililokaa miezi miwili. Kulikuwa na joto humo, kama unapopapasa chini ya kuku anayeatamia, na harufu ya uyoga, na minyoo minene iliyokuwa inanifanya nipige kelele. Mama alicheka.

"Unaogopa nini? Hao ndio vibarua wangu."

Nilimuuliza kwa nini hachomi kama wenzake. Alisimama, akaegemea mpini wa jembe. "Hizi nyasi zimekula jua tangu mvua ya kwanza. Jua lote limo humu ndani. Sasa mimi nikilichoma nikalirudisha juu kabla hatujala, nitakuwa na akili kweli?"

Mimi nilikuwa nimemzika baba yangu muda si mrefu, na machoni pangu matuta yale yalifanana na lile tuta la kaburi lake kwa kila kitu isipokuwa msalaba. Kwa hiyo nilielewa kitoto. Niliamini kwamba Mama anazika nyasi ili ziwe zinapumzika, na kwamba ulezi unapoota ni zile nyasi zimeamka na kubadilisha nguo. Nilikuwa natembea kati ya matuta kwa kunyata nisiziamshe. Sikumweleza mtu.

Shuleni, nilipoingia darasa la tano, tulipata mwalimu mpya wa Sayansi. Jina lake nalijua na sitalitaja, si kwa heshima yake bali kwa sababu ana watoto. Alikuwa kijana, suruali imepigwa pasi hadi mshono unakata, na alijua kuongea. Alituchorea mmea ubaoni kwa chaki za rangi, mshale wa njano kutoka kwenye jua, mshale wa buluu kutoka kwenye mizizi, mshale mweupe wa hewa ya ukaa ukiingia kwenye jani. Akatufundisha neno usanisinuru, tukaliimba kwa kupiga makofi. Mimea hujitengenezea chakula chake. Inahitaji nini? Mwanga wa jua! Na nini? Maji! Na nini? Hewa ya ukaa! Na nini? Umbijani! Shule nzima ilitusikia. Alitueleza pia kwamba hewa tunayotoa tukipumua ina hiyo hewa ya ukaa, na moshi wa kuni nao unayo, na mimea inaichukua.

Nilitoka darasani siku ile nina furaha ya ajabu. Mama alikuwa sahihi! Nyasi zinakula jua, mwalimu mwenyewe kasema, na kuna mshale wa njano. Tena kulikuwa na kazi ambayo mimi mdogo ningeweza kumsaidia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuhesabu namba shuleni, nilipita shambani na kuyapulizia maharage. Niliinama juu ya kila tuta, navuta pumzi hadi mabega yanapanda, naitoa yote kwenye majani, naenda tuta linalofuata. Siku nyingine nilipata kizunguzungu nikakaa chini. Maharage yalizaa vizuri mwaka ule, na mimi nilijua kabisa nani kayalisha.

Lakini jina la shamba letu shuleni lilikuwa Makaburini. Watoto walilianzisha, na yule mwalimu akalidaka. "Leo tutakimbia mchakamchaka hadi Makaburini na kurudi." Watoto wanacheka, anacheka. Siku moja aliniuliza mbele ya darasa zima mama yangu anazika nini pale. Nilisimama nikajibu, kwa fahari kabisa, kwamba anazika jua.

Kilichotokea humo darasani sitaki kukieleza kirefu. Watu walianguka kwenye madawati. Mwalimu alijifuta machozi kwa leso, akasema, "Haya, kaa chini, binti wa mzika jua." Jina hilo lilinikaa mpaka namaliza shule. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu mtu yule yule alikuwa ametuchorea mshale wa njano. Alichokijua kwa chaki hakukitambua kwa jembe. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati, alisema jambo lile lile kwa maneno yake, na mwalimu akalia kwa kicheko.

Kiangazi kikaenda. Mwezi wa tisa, zikiwa zimebaki wiki chache mvua zianze, tukatangaziwa kwamba mgeni mkubwa kutoka mjini atapita kukagua mazingira ya shule. Wale waliokuwepo enzi hizo mnajua maana yake. Mawe yapakwe chokaa, uwanja ufagiwe hadi ung'ae, kila kilichosimama kilale. Mwalimu wa Sayansi ndiye aliyekuwa mwalimu wa mazingira. Akatembea hadi ukingoni mwa uwanja, akaweka mikono kiunoni, akalitazama shamba letu.

Wiki hiyo Mama hakuwepo. Mdogo wake alikuwa amelazwa Mpanda mjini na Mama alikwenda kumuuguza, akaniacha kwa baba mkubwa siku tano. Mwalimu alimfuata baba mkubwa jioni, nikawasikia wakiongea uani.

"Mzee, lile shamba linatuharibia sura. Wanafunzi watalisafisha bure, kipindi cha kazi za mikono. Tunamsaidia mjane."

Baba mkubwa alicheka kidogo. "Msafishe tu. Shamba ni letu. Yule mama tumemwambia alime kama watu, hasikii."

Kesho yake mchana darasa la tano na la sita tulipangwa mstari na majembe. Tukaambiwa tuyabomoe matuta yote, tutoe uchafu uliomo ndani, tuutandaze juani ukauke. Uchafu! Neno hilo mtu alilitumia kwa kitu ambacho Mama alikivunjia mgongo. Jembe la kwanza lilipozama, tuta likafunguka, na ule weusi wa ndani ukaonekana, na nyasi zilizokuwa zimeoza nusu zikitoa mvuke mwepesi, na minyoo ikijikunja kwenye jua. Nilijisikia vibaya. Nilijisikia kama nimemfungulia mtu mlango akiwa anaoga. Lakini nililima. Nililima kwa nguvu kuliko wenzangu, maana kila aliyepita karibu alinichungulia usoni kuona kama nitalia.

Mmoja tu ndiye aliyekataa. Alikuwa Kabula, msichana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao mwaka juzi yake. Aliinama, akachukua konzi moja ya ule udongo, akaunusa, akalitupa jembe.

"Mwalimu, hii ni mbolea. Kwetu mbolea haichomwi."

"Okota jembe."

"Siokoti, Mwalimu. Mama yake Pina atakula nini?"

Alichapwa fimbo sita palepale, na hakuokota. Alinitazama wakati anachapwa. Mimi nilikuwa nimesimama na jembe langu hatua kumi kutoka pale, na shamba lilikuwa la mama yangu, na sikusema neno hata moja. Wengi wamenipa udhuru kwamba nilikuwa mtoto. Kabula naye alikuwa na miaka kumi na moja.

Siku iliyofuata zile nyasi zilikuwa zimekauka kwa jua kali. Tukazikokota kwenye marundo pamoja na mabua ya maharage. Mwalimu akatoa kiberiti mfukoni, akatazama mstari wetu, akanichagua mimi. Sijui kama alitaka kunidhihaki au kunipendelea. "Njoo, binti wa mzika jua. Leo tulifukue jua tuone."

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, maana ndilo kosa langu na nimelibeba muda mrefu. Sikuchukua kile kiberiti kwa woga peke yake. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Moshi una hewa ya ukaa, Mwalimu alisema. Mimea inakula hewa ya ukaa, Mwalimu alisema. Kwa hiyo moshi ni chakula cha mimea. Kama pumzi yangu ndogo ya asubuhi ilinenepesha maharage, je, moshi wa shamba zima? Niliwaza kwamba Mama atarudi akute shamba limeshiba. Nilimuuliza, "Mwalimu, moshi huu utalisha shamba?" Akasema, "Naam, naam, washa." Hakuwa amesikia hata swali.

Niliwasha. Rundo lilinguruma mara moja na joto likatusukuma nyuma. Watoto wakashangilia. Mimi nilikuwa natazama moshi, nikiusubiri ushuke. Ulipanda juu ya paa la shule, ukajikunja, upepo ukauchukua kuelekea milimani, ukaenda zake. Nilisubiri mpaka marundo yote yakawa majivu na wenzangu wakaondoka kunawa. Haukushuka.

Mama alirudi siku ya tatu yake kwa lori la mkaa, amechoka, lakini mdogo wake alikuwa amepata nafuu na alikuja na mkate wangu. Alishukia barabarani, palepale mbele ya shamba. Nilimwona toka uwanjani. Aliweka mfuko chini. Akaingia shambani, akatembea hadi katikati, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kidogo alichokidondosha. Udongo ulikuwa wazi, mweupe, majivu yakiruka kila upepo unapopita. Mwalimu wa Sayansi alitoka ofisini kwenda kumlaki, anatabasamu.

"Mama Pina, umeona kazi? Tumekusafishia. Na binti yako ndiye aliyewasha, hodari sana."

Mama aligeuka akanitazama mimi. Nilikimbia kwenda kwake, nikaanza kumweleza yote kwa haraka, hewa ya ukaa, moshi, chakula, mshale mweupe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaangalia juu, hakukuwa na wingu wala moshi.

"Sasa umekwenda wapi huo moshi, mwanangu?"

"Juu."

"Utarudi lini?"

Mwalimu akakohoa, akasema mama usijali, majivu nayo ni mbolea. Mama akamwambia, "Ahsante, Mwalimu," kwa adabu kabisa, akaenda kuokota mfuko wake. Hakunichapa. Nilimsubiri anichape siku hiyo, na wiki hiyo, na ningempa fimbo mwenyewe. Alinikatia mkate.

Leo naweza kujibu swali lake. Nimesoma, nimefundisha, nimejua. Jani linavuta hewa ya ukaa kupitia vitundu ambavyo jicho halivioni, linachanganya na maji yaliyotoka mizizini, na kwa nguvu ya jua linatengeneza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayojengwa kuwa bua, nyuzi, mbegu. Mwili wa nyasi kwa sehemu kubwa umetoka hewani, si ardhini, na kilichouunganisha ni jua. Ukiuzika, wale vibarua wa Mama na ukungu wanaula polepole. Sehemu inarudi hewani, sehemu inabaki inaushikilia udongo usibomoke, inatunza maji, inaachia chakula kidogo kidogo wakati ulezi unapokihitaji. Ukiuchoma, yote yanakwenda kwa saa moja, pamoja na mbolea nyingine ambayo ungeihitaji, na unabaki na kiganja cha majivu. Moshi ule haukupotea. Ulienda kulisha mimea ya dunia nzima, ya watu tusiowajua, miti ya huko ng'ambo ya ziwa, nyasi za wafugaji, na labda chembe moja mbili zilirudi kwetu miaka baadaye. Pumzi yangu pia, ile ya juu ya maharage, ilikwenda huko huko. Ulezi wa mama yangu ulihitaji kilichokuwa ndani ya tuta, na ulikihitaji mwaka ule.

Mvua za kwanza zilikuja kwa fujo. Udongo ulikuwa umelegezwa na majembe yetu na hauna kitu cha kuushika, ukateremka barabarani pamoja na majivu, mtaro ukajaa. Mama alirusha ulezi hivyo hivyo. Uliota wa njano, ukasimama kwenye kimo cha magoti, ukatoa vichwa vyembamba vya kuonea huruma. Tulipalilia kila siku, kana kwamba palizi ndiyo ilikosekana. Sikuacha kwenda kuupulizia asubuhi, ingawa nilikuwa mkubwa sasa na nilijificha nisionwe.

Tulivuna debe moja na kitu. Baba mkubwa alikuja na wazee wawili, wakalitazama debe, wakakaa, wakanywa uji wa ulezi huo huo. Mama alijitetea kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Shemeji, mnajua nani aliyebomoa matuta. Nipeni mwaka mmoja. Nitayajenga tena."

"Mama Pina, tulisema mbele za watu. Na matuta yako ndiyo yaliyoliharibu shamba. Mwalimu msomi amesema."

Shamba akapewa mtu wa tumbaku. Tukahamia kwenye chumba kimoja kwa mama wa Kirundi aliyekuwa anasali na Mama, na Mama akawa analima vibarua kwenye mashamba ya watu. Alilima kama walivyomwagiza. Walipomwambia achome, alichoma. Mtu aliyekuwa anajua kuzika jua alishika kiberiti miaka yote iliyobaki ya nguvu zake kwa sababu hakuwa tena na ardhi ya kuamulia, na kuna wakati nikilikumbuka hilo natamani nimtafute yule mwalimu nyumbani kwake, na uzee wake, na watoto wake, nimuulize aliona nini cha kuchekesha. Najua alikuwa na kitabu kimoja. Najua naye alifundishwa hivyo hivyo. Sijali. Alikuwa na macho, na shamba lilikuwa hatua thelathini kutoka ubaoni kwake.

Nilipofika darasa la saba nikawa najisomea mtihani wa mwisho. Jumapili moja mchana, Mama amekaa mlangoni anapukuchua mahindi ya mtu, nilikuwa nimetandaza madaftari yangu ya zamani kwenye mkeka. Mama hakujua kusoma. Akachukua moja, akalifungua katikati, akaona mchoro wa mmea na mishale.

"Hii ni nini? Nisomee."

Nilinyoosha mkono nilichukue. Akasema tena nisomee, basi nikasoma. Mimea ya kijani hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa. Chakula hicho huhifadhiwa ndani ya mmea. Mmea ukiungua, hewa ya ukaa hurudi angani. Mmea ukioza udongoni, hurutubisha udongo. Nilikuwa nimeyaandika kwa mwandiko wangu mzuri, majibu yote manne, na sikuwa nimeyasoma kwa akili hata siku moja.

Mama aliacha kupukuchua. Akaweka kidole chake kwenye alama pembeni mwa kila sentensi. "Hizi nyekundu ndio kusema umepata?"

"Ndiyo, mama. Ni jaribio."

"Zote?"

"Zote."

"Uliandika kabla hamjachoma, au baada?"

Tarehe ilikuwa pale juu ya ukurasa. Ningeweza kumdanganya, asingejua. "Kabla."

"Na huyu aliyeweka alama ndiye yeye?"

"Ndiye."

Aliliangalia daftari muda mrefu, kana kwamba akilikazia macho litamsomea lenyewe. Kisha akalifunga, akalipangusa vumbi la mahindi kwa upande wa khanga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Basi mlijua," akasema, akaendelea kupukuchua.